Yusufu bin Hasani, Mfalme wa Mombasa Mwenye Majina Mawili

Mtoto wa Tabora apitaye mbele ya gereza hadhani hata kidogo kwamba neno hilo lilikuwa hapo kale jina la kanisa. Lakini ndivyo wasemavyo wataalamu wa lugha. Wareno huliita kanisa igreja. Na kwa kuwa makanisa yao ya pwani yalijengwa ndani au kando ya ngome, na ngome hizo baadaye zikatumika kuwafungia watu, neno lilifuata matumizi mpaka likafika hapa lilipo. Bendera ni neno lao pia, na meza, na kasha. Hata jina la padri latoka kwao. Maneno hayo yalipanda na misafara kutoka pwani, yakapita Ugogo vichwani mwa wapagazi, yakafika Unyanyembe pamoja na nguo na shanga. Wareno wenyewe hawakufika huku kwetu. Kilichofika ni maneno yao, na baadaye bunduki kuukuu za Ulaya, zile gumegume na magobori ambayo Mirambo na Waarabu wa Tabora walipigania kuanzia mwaka 1871.

Habari za leo ni za mtu aliyezaliwa mahali maneno hayo na silaha hizo zilipoingilia, akalelewa navyo, na mwisho akaangamia kwavyo. Waislamu walimwita Yusufu bin Hasani. Wakristo walimwita Dom Jerónimo Chingulia. Alikuwa mfalme wa Mombasa kwa miaka michache tu, karibu miaka mia nne iliyopita, lakini katika historia yote ya pwani yetu ni shida kumpata mtu ambaye vita vya Wazungu vya zama zile vilimpasua moyo kama yeye.

Yafaa kwanza tufahamu vita hivyo vilikuwaje. Vasco da Gama alipofika mwaka 1498, Mombasa haikumkaribisha, bali mfalme wa Malindi alimpokea kwa heshima na kumpa rubani wa kumvusha mpaka Bara Hindi. Malindi na Mombasa walikuwa mahasimu wa siku nyingi, na Malindi waliona kwamba mgeni huyu angeweza kuwafaa. Walichokitazama ni merikebu zake. Vyombo vya pwani vilishonwa kwa kamba za nazi, vyepesi na vya mbio, lakini ubao ulioshonwa haustahimili kishindo cha mzinga mzito. Merikebu ya Kireno ilipigiliwa misumari, na mizinga ikapangwa ubavuni mwake, hata chombo kimoja kikaweza kusimama mbali na mji na kuupiga bila kuguswa na mshale. Mwaka 1505 Francisco de Almeida aliiteka Kilwa, na mwezi uliofuata akaiteka Mombasa, akaipora na kuichoma moto. Nuno da Cunha aliichoma tena mwaka 1528. Mwaka 1589 kundi jingine la merikebu kutoka Goa likaipiga tena, kwa sababu baharia wa Kituruki, Mir Ali Bey, alikuwa amepata wenyeji humo. Kila mara Mombasa ilijengwa upya, na kila mara Wareno walitambua kwamba kuunguza mji si kuutawala.

Ndipo walipoamua kujenga. Huko Ulaya, kwa muda wa miaka mia, mizinga ilikuwa imezishinda kuta ndefu nyembamba za kale. Mafundi wa Italia walibuni ngome ya namna nyingine: kuta fupi zilizo nene sana, handaki mbele yake, na kila pembe buruji lililochomoza nje, ili wapiga mizinga wa buruji moja waweze kufagia ukuta wa buruji la pili. Adui akiukaribia ukuta hapati kivuli cha kujificha. Fundi mmoja wa Milano, Giovanni Battista Cairati, aliyekuwa akimtumikia Mfalme Filipo wa Hispania (aliyeitawala na Ureno tangu 1580), ndiye aliyechora ngome ya Mombasa, na mwaka 1593 ikaanza kujengwa juu ya mwamba wa matumbawe penye mlango wa bandari. Waliita Ngome ya Yesu. Mwaka huohuo au karibu nao, rafiki yao wa zamani, mfalme wa Malindi, alihamishiwa Mombasa na kukalishwa katika kiti cha mahasimu wake, akaahidiwa theluthi ya ushuru wa forodha.

Mtu anayepewa kiti na mgeni hukaa nacho kwa idhini ya mgeni. Mfalme Hasani bin Ahmadi alilijua jambo hilo mapema. Makapteni wa ngome walitumwa kwa miaka mitatu mitatu, na wengi wao walikuja na nia moja, kuchuma mali upesi kabla zamu haijaisha. Haki za mfalme katika ushuru na katika kisiwa cha Pemba ziliwakera kama mfupa kooni. Mwaka 1614 ugomvi wa Hasani na Kapteni Manuel de Melo Pereira ulifika mahali pabaya. Mfalme akavuka maji, akakimbilia bara kwa watu waliokuwa wakifanya biashara na mji. Wareno wakawapelekea watu hao nguo, wakaipokea nguo, wakamuua mgeni wao. Kichwa cha Hasani kilikatwa na kupelekwa Goa, mji mkuu wa Wareno katika Bara Hindi.

Mwanawe, Yusufu, alikuwa mtoto wa miaka saba hivi. Naye alipelekwa Goa.

Hapo, wasomaji, yatupasa kusimama kidogo. Watawa wa Mtakatifu Augustino ndio waliomlea. Hakuna sababu ya kudhani kwamba walimtendea vibaya. Walimfundisha kusoma na kuandika, walimfundisha sala, wakambatiza Jerónimo. Pengine wengi wao walimpenda kweli. Lakini mtoto huyo hakupelekwa kwao na mama yake kutafuta mafundisho. Alikuwa amana ya vita. Serikali iliyomkabidhi kwa watawa ndiyo iliyomlipa muuaji wa baba yake, na ilitaka kumfanya mfalme atakayekuwa mtiifu kuliko baba. Ubatizo ulikuwa wa Mungu. Shauri la kumtumia mbatizwa lilikuwa la maafisa. Sijui kama mtoto wa miaka saba, au hata kijana wa miaka kumi na minane, angeweza kuyatenga mambo hayo mawili ambayo wakubwa wake wenyewe hawakuyatenga.

Alikua kijana hodari. Inasimuliwa kuwa alihudumu katika merikebu za vita za Wareno na kujifunza kazi ya mizinga. Zama hizo kazi ya mizinga ilikuwa elimu kamili: kupima baruti kulingana na uzito wa chuma, kukadiria umbali kwa jicho, kungoja merikebu iinuke na wimbi ndipo utambi utiwe moto. Na bahari ilikuwa na vita vya kutosha. Waholanzi walikuwa wameingia katika bahari zetu na walijaribu kuwanyang'anya Wareno biashara yao. Waingereza nao, mwaka 1622, waliwasaidia Waajemi kuitwaa Hormuz, mlango wa Ghuba, uliokuwa mikononi mwa Wareno kwa zaidi ya miaka mia. Kijana wa Mombasa aliona kwa macho yake kwamba mabwana zake waweza kushindwa. Alioa mke wa jamii ya Kireno, akapewa heshima ya chama cha mashujaa wa Kristo, na mwaka 1626 akasimikwa mfalme wa Mombasa.

Kurudi kwake kulikuwa kwa fahari. Kilichofuata hakikuwa cha fahari. Raia zake walikuwa Waislamu, na walimwona mfalme aliyevaa nguo za Kizungu na kwenda Misa. Wareno walimwona Mwafrika aliyepewa cheo, ambaye kapteni yeyote aweza kumwita, kumngojesha mlangoni na kumkemea mbele ya watumishi. Katika mji ule mdogo hapakuwa na mtu mmoja ambaye kwake mfalme huyo alikuwa wa kwao. Na nje ya mji, ng'ambo ya maji, ndiko alikouawa baba yake.

Akaanza kwenda usiku kwenye kaburi la baba na kusali kwa desturi ya Kiislamu. Mtu mmoja alimwona, akampasha habari Kapteni Pedro Leitão de Gamboa. Kapteni akaona amepata kisa. Goa kulikuwa, tangu mwaka 1560, na baraza la kuhukumu makosa ya imani, na Mkristo aliyebatizwa akirejea dini ya kwanza shauri lake lilipelekwa huko. Yusufu alipata habari kwamba atasafirishwa. Goa mara ya pili! Safari ya kwanza alikwenda mtoto, nyuma ya kichwa cha baba yake. Sasa angekwenda mfungwa.

Katikati ya mwezi wa Agosti mwaka 1631, wakati wa sikukuu ya Kupalizwa Mbinguni Bikira Maria, mfalme alikwenda ngomeni na watu wapatao mia tatu, kwa namna ya kumzuru Kapteni. Lango likafunguliwa. Yafikirini majabali yote yale, mabuруji yaliyopimwa na fundi wa Milano, handaki lililochimbwa katika mwamba hai. Hayakuwa na kazi yo yote kwa adui aliyekaribishwa kama mgeni. Kapteni alichomwa kisu, na watu wa nyumbani mwake wakauawa pamoja naye. Askari walikuwa wachache na hawakujiweka tayari. Kabla ya usiku kwisha ngome ilikuwa ya Yusufu, na nyumba za Wareno mjini zilikuwa zikiungua.

Waliookoka walikimbilia konventi ya Waagustino. Waliitwa watoke kwa ahadi, wakatoka, wakauawa. Wareno waliokufa siku zile walipata mia na hamsini, na wengi wao hawakuwa askari bali wanawake na watoto. Watawa waliuawa. Pamoja nao waliuawa Wakristo Waafrika wa Mombasa, na habari za hao zasikitisha na kushangaza kuliko zote, maana mlango wa kuokoka ulikuwa wazi mbele yao: waikane imani, waishi. Wako waliokana. Wako waliokataa, na miongoni mwao alikuwamo jamaa ya mfalme mwenyewe. Wengine walifanywa watumwa na kupelekwa Arabuni. Mwaka uliofuata, 1632, mashahidi waliapishwa Goa na ushuhuda wao ukaandikwa, ili shauri la kuwatangaza wafiadini lipelekwe Roma. Shauri hilo halikufika mwisho, lakini maandishi yamebaki, na mwaka 1980 mwanahistoria Freeman-Grenville aliyachapisha. Kwa ajili ya maandishi hayo twajua kwamba Wakristo wa kwanza wa Afrika Mashariki kufa kwa imani hawakuwa wale vijana wa Uganda wa mwaka 1886, ambao kila nyumba ya Kikristo yawajua. Walikuwako wengine zaidi ya miaka mia mbili na hamsini kabla yao.

Mtu aweza kusema: ndivyo walivyo wasio Wakristo. Asome basi habari za Ulaya za mwaka uleule. Mwezi wa Mei 1631, miezi mitatu kabla ya mambo ya Mombasa, jeshi la Kaizari, jeshi la Wakatoliki, liliuvunja mji wa Kiprotestanti wa Magdeburg katika Ujerumani. Mji uliteketea, na watu wapatao elfu ishirini wakafa. Vita ile ya miaka thelathini, iliyoanza 1618 na kwisha 1648, ilikuwa ya Wakristo kwa Wakristo, na humo pia ahadi zilitolewa na kuvunjwa, na waliosalimu amri wakachinjwa. Yusufu alijifunza vita kwa watu wa dunia hiyo. Sisemi hayo ili kumtoa hatiani. Mtoto aliyeuawa mlangoni mwa konventi hakumkata baba wa mtu kichwa.

Sasa tutazame vita yenyewe, maana hapo ndipo mfalme huyu alipoonyesha alichofundishwa. Pwani yetu yote ilitawaliwa na pepo mbili. Kusi huvisukuma vyombo kwenda Bara Hindi, kaskazi huvirudisha. Habari za Agosti zilipelekwa Goa na kusi ya mwisho, na msaada haukuweza kuja kabla kaskazi haijashika. Yusufu alikuwa na miezi minne au mitano, naye aliitumia. Januari 1632 merikebu za Goa ziliingia chini ya Dom Francisco de Moura, na mamia ya askari. Walishuka, wakapanga mizinga, wakaanza kuizingira ngome yao wenyewe.

Hapo ndipo kazi ya Cairati ilipowageukia waliomlipa. Kila buruji lilifanya lile lililochorewa kulifanya. Mizinga iliyotupwa kwa ajili ya kuwapiga Waturuki na Waholanzi iliwapiga Wareno, na aliyeisimamia alijua baruti kiasi gani itiwe na wakati gani iwashwe. Moura alijaribu kwa nchi kavu, akajaribu kwa maji. Wiki zilipita, askari wakapungua, na majira yakaanza kugeuka. Mwezi wa Machi alifungua mazingiwa na kuondoka, akiacha merikebu kadhaa zizunguke pwani. Katika mambo yote ya Wareno katika upande huu wa dunia ni nadra kuona jeshi lao zima likirudishwa na mtu waliyemsomesha wenyewe.

Lakini Yusufu hakuwa mpumbavu. Alifahamu kwamba kaskazi nyingine italeta merikebu nyingi zaidi, na ya tatu nyingi kuliko hizo. Ngome bila merikebu ni kisiwa, na kisiwa kisicholetewa chakula na baruti hufa kwa kungojewa tu. Mwezi wa Mei 1632 akavunja alichoweza kuvunja, akapakia mizinga katika vyombo alivyoteka, akatweka tanga na kuiacha Mombasa. Agosti, mwaka mmoja kamili baada ya maasi, Pedro Rodrigues Botelho aliingia ngomeni akaikuta haina mtu.

Mfalme akawa haramia wa baharini. Miaka sita iliyobaki ya maisha yake ilipita kati ya Arabuni, Bukini na miji ya pwani iliyokuwa radhi kumpokea kwa siri. Wareno walimwinda bila kumpata. Miji iliyomsaidia, au iliyodhaniwa kumsaidia, ndiyo iliyolipa, kama kawaida ya vita. Mwisho wake haukuja kwa mkono wa Wareno. Mnamo 1638 alipigana na maharamia wengine katika Bahari ya Shamu, akafa Jeddah, bandari ya mahujaji, akiwa na umri wa miaka thelathini na mmoja hivi.

Ufalme wa nasaba ya Malindi ulikoma naye. Wareno hawakumweka mfalme mwingine Mombasa. Walitawala wenyewe kwa miaka sitini zaidi, hata Waomani walipoizingira ngome tangu Machi 1696 na kuitwaa Desemba 1698. Ukristo wa mji ule ulitoweka pamoja na ngome. Hapakubaki parokia, hapakubaki familia moja iliyoshika sala za mababu, na wamisionari walipokuja pwani katika karne ya 19, na misafara yao ikapanda mpaka Tabora mwaka 1878, walianza upya kabisa kana kwamba hakuna aliyewatangulia. Watu wengine hustaajabia jambo hilo. Mimi naona la ajabu zaidi ni kwamba walikuwako wale wachache waliokufa kwa imani ambayo kwao ilikuwa imekuja imeshikana mkono na mzinga.

Ngome ingali imesimama. Waingereza waliifanya gereza, na baadaye ikawa makumbusho; mwaka 2011 iliandikwa katika orodha ya urithi wa dunia. Msomaji ajaliwaye kufika Mombasa, atazame juu ya lango kuna jiwe lenye maandishi ya Kireno. Liliwekwa mwaka 1639 na Kapteni Francisco de Seixas de Cabreira, aliyeitengeneza ngome upya baada ya maasi. Ametaja umri wake alipopewa cheo, miaka ishirini na saba. Ametaja kwamba aliiadhibu Pate na Siyu na kubomoa kuta zao, kwamba aliitia Pemba adabu na kuwaua wakubwa wake, na kwamba kwa utumishi huo alipewa heshima na mfalme wake. Miji yote imeandikwa kwa majina. Yusufu bin Hasani hakuandikwa kwa jina lake la kwanza wala kwa lile alilobatizwa. Jiwe lamtaja kama mfalme jabari tu, na kuendelea na habari za Kapteni.